Hiyo Nusu Sekunde Imeenda Wapi?

Kwa ambao hamkuwepo, haya ndiyo niliyoyasema ukumbini. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi, nimetoa kikohozi, slaidi nimeziacha, mengine yote yako kama yalivyonitoka mdomoni.

Habari zenu jamani. Mnanisikia huko nyuma? Haya.

Nimeombwa nije niongelee safari yangu ya kazi, miaka 22 ya kuandika programu, na ni vitu gani kwenye hii fani bado vinaninyima usingizi. Mshereheshaji amenitambulisha kama sinia injinia na mi kila nikilisikia hilo neno nacheka kimoyomoyo, maana sinia kwa Kiswahili kazi yake mnaijua, ni kubebeshwa vitu. Basi ndio cheo chenyewe hicho. Na mama yangu mpaka leo nikimwambia naandika kodi, yaani code, maagizo ya kompyuta, anajua niko mamlaka ya mapato, kuna kipindi akawaambia na majirani, ikawa nikipita nasalimiwa kwa adabu ambayo sikuielewa.

Sasa, sikuja na ushauri wa lugha gani ya programu mjifunze. Nimeandika Pascal, PHP, Perl, C, Java, sasa hivi Go, na sijawahi kufukuzwa kazi wala kuajiriwa kwa sababu ya lugha. Nimekuja na swali moja ambalo nimetembea nalo miaka yote hii, na swali lenyewe ni hili: hii tofauti ndogo imetoka wapi? Basi. Hilo tu.

Nilianza kwa kutengeneza printa. Karatasi inakwama unaitwa wewe, wino umeisha unaitwa wewe. Programu nilikuwa najifunza kwenye kompyuta ya watu wengi, unapewa nusu saa yako unanyanyuka mwenzio anakaa, kwa hiyo Pascal yangu naiandika kwenye daftari kwanza, naiendesha kichwani mstari kwa mstari, hii X sasa ni ngapi, hii orodha imebaki na vitu vingapi, nikishaona imekaa sawa ndio naenda kuichapa. Wakati ule niliona ni mateso. Leo nikikaa na kijana anayebonyeza "run" mara 40 akitegemea ya 41 itakubali, naona kabisa lile daftari lilinipa kitu.

Haya, kazi yangu ya kwanza ya maana. Ripoti ya usiku. Programu inaamka saa sita usiku, inajumlisha miamala yote ya siku, asubuhi wahasibu wanaikuta. Wiki yangu ya pili pale, jumla yetu na jumla ya upande wa pili zikapishana senti moja. Senti moja! Mkuu wangu, mtu mwema sana huyo, akaniambia dogo achana nayo, hayo ni mambo ya desimali.

Na hakuwa anaropoka. Wenye laptopu hapo zifungueni, ingieni kwenye Python au JavaScript, andikeni 0.1 + 0.2. Mmepata ngapi? Eeh. 0.30000000000000004. Kompyuta inahesabu kwa mbili, yaani kwa sifuri na moja tu, na moja ya kumi kwenye hesabu ya mbili haina mwisho, kama sisi tunavyogawa moja kwa tatu tukapata 0.333 mpaka kesho, sasa kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ile kanuni ya kuhifadhi namba kwenye kompyuta, kinaipa namba nafasi ya biti 64, yaani sifuri na moja 64, ikijaa inakatwa hapo, na kile kilichokatwa ndio hako ka-nne mnakokaona mwishoni. Ndio maana hela haziwekwi kwenye namba za desimali za aina hiyo. Unaweka senti nzima nzima.

Lakini sasa, mi nilikuwa nimeshaifungua ile programu. Ilikuwa inahesabu senti nzima. Senti nzima ukizijumlisha hazikatwi popote. Kwa hiyo desimali haipo, na senti haipo. Imeenda wapi?

Nilikaa nayo siku tatu. Nikakuta hakuna kosa la senti moja. Kuna makosa mawili makubwa. La kwanza, muamala ulioingia saa sita kamili ya usiku ulikuwa unahesabiwa siku mbili, leo na kesho, kwa sababu mtu aliandika "ndogo au sawa" sehemu zote mbili. La pili, marejesho yenye maelezo marefu yalikuwa yanaruka, mstari ukizidi herufi fulani programu inaudondosha kimya kimya. Moja linaongeza, lingine linapunguza. Siku ile wamekutana wakamalizana karibu wote, ikabaki senti. Sasa mtaniuliza siku nyingine je? Siku nyingine tofauti ilikuwa kubwa, ikawa inatupwa kwenye safu inaitwa "marekebisho", ambayo kila mtu alishaizoea, hata rangi ilipewa, ya kijani. Tofauti kubwa ilikuwa na kapu lake! Ile ndogo haikustahili hata kapu, ikabaki juani, ndio nikaiona.

Na ile 0.1 ina kisa chake kingine. Tarehe 25 Februari 1991, Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora ulishindwa kuzuia kombora moja la Scud, wakafa wanajeshi 28 wa Marekani. Uchunguzi ukaikuta saa ya ndani. Ilikuwa inahesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile 0.1, hiyo hiyo mliyoiandika sasa hivi, ilikuwa imekatwa kwenye biti 24. Kosa dogo mno, ukizima mtambo ukauwasha linaanza upya, hulioni. Ila mtambo ulikuwa umewaka kama masaa 100 mfululizo, saa ikawa imeteleza kama sekunde 0.34, na kombora linaloenda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde, theluthi ya sekunde ni zaidi ya mita 500. Mtambo ukaangalia mahali ambapo kombora halipo. Sisemi ripoti zenu zitaua mtu. Nasema 0.1 ni ile ile.

Tuendelee. Baadaye niliingia kwenye mifumo ya malipo nikakaa miaka sita, na hapo ndio nilipofanya ujinga wangu mkubwa kuliko wote, na nitausimulia wote maana wapo hapa wanaofanya huo huo wiki hii.

Programu yako inatuma ombi kwenye seva ya mbali, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, mtoe huyu elfu kumi. Inasubiri. Sekunde 5, 10, 30. Kimya. Niambieni, hela imetoka au haijatoka? Nani anasema haijatoka? Nani anasema imetoka? Wote mmekosea, na wewe uliyekaa kimya umepatia. Inawezekana ombi halikufika. Inawezekana limefika, likafanywa, jibu likapotea njiani. Inawezekana limefika na bado liko kwenye foleni linafanyiwa kazi wakati wewe umeshakata tamaa. Vitu vitatu tofauti kabisa, na kwako wewe uliyetuma vyote vina sura moja. Kimya. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, sijui nani aliwafundisha mitandao lakini walikuwa wanaijua.

Mi nilikuwa kijana, kodi yangu ilikuwa na majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Kimya nikakiweka kwenye hapana. Hapana, kwa hiyo tuma tena. Mara tatu zaidi, ili mteja asisumbuke, ndivyo nilivyoandika kwenye maelezo juu ya ile fankisheni, kile kipande cha kodi cha kutuma, "ili mteja asisumbuke". Ijumaa moja jioni seva ya upande wa pili ikawa nzito. Haikufa, ingekufa ingekuwa nafuu, ilikuwa inafanya kazi yote vizuri kabisa ila inajibu baada ya sekunde 35, na mimi nasubiri 30. Mnaelewa kilichotokea? Kila mteja akatozwa mara nne. Na seva iliyokuwa nzito kwa mzigo mmoja sasa ina mizigo minne, kwa hiyo inazidi kuwa nzito, kwa hiyo mimi nazidi kutuma. Nilikuwa nampiga mtu aliyeanguka halafu namuuliza mbona huamki.

Haijaisha. Jumamosi nikaandika skripti, programu fupi, ya kurudisha hela. Nimechoka, sijalala, nikachukua nini? Ile ile fankisheni ya kutuma, si ipo na inafanya kazi. Seva bado nzito. Kuna watu walirudishiwa mara nne. Jumapili nikaanza kupigia watu simu kuomba hela, na naomba niwaambie, aliyetozwa mara nne anapiga simu mwenyewe, aliyerudishiwa mara nne simu yake haipatikani.

Dawa yake haina maajabu. Anayetuma anatengeneza namba ya kipekee kabla ya jaribio la kwanza, na anaihifadhi, akirudia anarudia na namba ile ile. Anayepokea anaiandika namba hiyo kwenye databesi, lile ghala la taarifa, kwa pamoja na kazi yenyewe, vyote viingie au vyote vikatae, na databesi inakataa namba ijirudie. Ombi la pili likija na namba iliyopo, hafanyi kitu, anatoa jibu lile la kwanza. Ni kama kitufe cha lifti, kibonyeze mara kumi, lifti inakuja moja. Na ukirudia usirudie papo hapo, ngoja kidogo, halafu ngoja mara mbili ya hapo, halafu weka bahati nasibu kidogo kwenye huo muda, kwa sababu wateja elfu wakikatika pamoja na wote wakasubiri sekunde 5 kamili, watarudi pamoja tena, na hapo ni kama kundi la ng'ombe kwenye geti moja.

Lakini kubwa zaidi kwangu ilikuwa kukubali jibu la tatu. Ndiyo, hapana, na sijui. Kila mfumo unaoongea na mwingine kwenye mtandao una "sijui" ndani yake, na kama kodi yako haina mahali pa kuiweka basi umeiweka mahali pasipo pake. Toka siku ile nikikagua kodi ya mtu naenda moja kwa moja pale, kwenye kushindwa, mambo yakienda sawa kila mtu anaandika vizuri.

Muda. Hapa naweza kukaa mpaka kesho, ndio ugonjwa wangu, nitajizuia.

Sisi tunaoongea Kiswahili tumezaliwa na faida moja. Mkono wa saa unaonyesha nane, mdomo unasema saa mbili, na hakuna anayechanganyikiwa. Tumekua na saa mbili kichwani. Kwa hiyo mtu akituambia muda sio kitu kimoja tusishangae sana. Mi nilishangaa hata hivyo, siku nilipofungua logi, yaani kumbukumbu za matukio, za seva mbili nikakuta jibu limetangulia swali. Seva ya pili imejibu saa tano na dakika kumi na sekunde nne, seva ya kwanza imeuliza sekunde ya saba. Nikatafuta bagi, yaani kosa, kwenye kodi wiki nzima! Bagi ilikuwa ukutani, yaani saa za seva zenyewe zilikuwa hazilingani. Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta, alishaandika toka mwaka 1978 kwamba kwenye mashine nyingi usiulize saa ngapi, uliza nini kilitokea kabla ya nini, na akaonyesha namna ya kuhesabu hilo bila saa ya ukutani kabisa. Nilikuwa sijamsoma. Nilimsoma baada ya ile wiki, na nilimsoma kwa hasira.

Na hata kwenye mashine moja saa inaweza kurudi nyuma, maana kuna programu inayoisahihisha kila mara. Ukipima kazi imechukua muda gani kwa kutoa saa ya mwanzo kwenye saa ya mwisho, ipo siku utapata kazi iliyochukua sekunde hasi mbili. Kuna saa nyingine ndani ya mfumo ambayo inaenda mbele tu, ndio ya kupimia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2012 dunia iliongezewa sekunde moja, sekunde ya 60, ili saa zilingane na mzunguko wake, na seva nyingi zinazotumia mfumo endeshi wa Linux zikachanganyikiwa, prosesa zikawa zinazunguka bure, tovuti kubwa kubwa zikalala. Dawa ambayo watu wengi walitumia usiku ule ilikuwa kuiwekea mashine tarehe upya, ile ile tarehe iliyokuwa nayo. Mnaona?

Na 2038 mnaijua? Mifumo mingi inahesabu sekunde toka tarehe 1 Januari 1970, na iliyohifadhi kwenye biti 32 mwisho wake ni 2,147,483,647, ambayo ni tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa saa za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia. Sekunde inayofuata inarudi Desemba 1901. Mtu anasema 2038 nitakuwa nimestaafu. Bwana, mtu akichukua mkopo wa miaka 20 leo, tarehe yake ya mwisho imeshapita huko. Hilo tatizo liko kwenye databesi zenu sasa hivi.

Siku hizi kazi yangu ni moja, mtu analeta mfumo anasema uko slow, mi natafuta muda unaliwa wapi. Nasoma mipango ya Postgres, programu ya databesi, inavyotafuta data, naangalia zile grafu za miali ya moto alizobuni mhandisi Brendan Gregg, zinazoonyesha muda unaliwa wapi, nafuatilia maombi ya programu kwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi, moja moja. Kwangu hakuna kazi tamu kama hii. Nitawapa moja tu.

Ukurasa mmoja ulikuwa unachelewa milisekunde 320. Zamani ulikuwa hauchelewi. Sasa sikilizeni, sio 300, sio 290 halafu 350. Ilikuwa 320, 321, 320, 319. Namba inayocheza cheza ni msongamano. Namba iliyotulia hivyo ni hesabu, mtu kaizidisha mahali. Nikauliza databesi iko wapi, wakaniambia imehamishiwa kituo kingine, kama kilomita 4,000. Nuru kwenye nyaya za kioo inaenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja, kwenda 20, kurudi 20, jumla 40, na hiyo huwezi kumpigia mtu simu apunguze. 320 gawa kwa 40? Nane. Nikawaambia kabla sijafungua kodi, ukurasa wenu unaiuliza databesi mara nane, moja baada ya nyingine. Wakafungua. Nane. Databesi ilipokuwa jirani zile nane hazikuonekana kabisa. Tukaziunganisha kuwa ombi moja, ukurasa ukashuka kwenye arobaini na kitu, wakaniangalia kama mganga, na mi sikukanusha.

Sasa mwenye kazi kama hii aliyefanya kubwa kuliko wote anaitwa Andres Freund. Ni mmoja wa wanaotengeneza Postgres. Machi 2024 alikuwa anafanya vipimo vyake vya kasi, anataka mashine itulie, akaona kuingia kwa SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kunakula prosesa kuliko kawaida na kunachelewa kama nusu sekunde. Hata ingia yenyewe ni zile zinazokataliwa, za maroboti ya mtandaoni yanayobahatisha nywila, nani anazijali hizo? Mimi na wewe tungesema ni mtandao. Tungesema nitaiangalia kesho. Yeye akafuata. Nusu sekunde ikampeleka kwenye maktaba, yaani kodi inayotumiwa na programu nyingine, inaitwa xz, ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake kuna mlango wa siri, umefichwa kwenye mafaili ya majaribio, wa kumruhusu mwenye ufunguo aendeshe chochote kwenye mashine yako. Aliyeuweka alikuwa amejitolea kwenye ule mradi zaidi ya miaka miwili, anasaidia, anarekebisha, anajibu watu vizuri, mpaka akaaminiwa akapewa funguo. Tarehe 29 Machi Freund akatangaza hadharani, na matoleo hayo yalikuwa ndio kwanza yanaanza kuingia kwenye Linux za majaribio, bado kidogo yaingie kwenye seva za dunia nzima.

Nusu sekunde, jamani. Kwenye ingia iliyofeli.

Mmeniuliza kwenye karatasi kuhusu akili bandia, naona maswali sita hapa yote ni hilo. Natumia. Inaandika haraka kuliko mimi na haichoki. Shida yangu ni kwamba zamani kodi nisiyoielewa ilikuwa ya watu wengine, sasa hivi iko pia ile yenye jina langu juu. Kwa hiyo ninairudisha kwenye daftari, naiendesha kichwani mstari kwa mstari, na nikifika mahali nikasema hapa sijui kwa nini inafanya kazi, siisogezi. Vijana wangu kazini wananiona mzee. Sawa tu.

Dakika zangu zimeisha nadhani, naona mkono pale. Ila kabla sijashuka. Nina seva moja, kila Jumatano saa kumi alfajiri kuandika kwenye diski kunapanda milisekunde 40 kwa dakika kama tatu, halafu kunatulia. Jumatano tu. Nimezima kila kazi ya ratiba ninayoijua. Nimebadilisha diski. Nimehamisha mashine nzima, ikahama nayo. Ni miezi saba sasa. Hakuna mteja aliyelalamika na mkuu wangu ameshaniambia achana nayo. Grafu zote ziko kwenye laptopu yangu, nitakuwa pale kwenye meza ya kona karibu na soketi, mwenye wazo aje tuangalie.